Gari la umeme kwenye baridi kali: namna ya kulinda masafa yake, hatua kwa hatua

Mwezi wa kumi na moja ukiingia hapa Minnesota, simu yangu haitulii. "Dada, kiangazi nilikuwa naenda Rochester na kurudi kwa chaji moja. Leo nimefika tu, na imebaki robo. Betri imekufa?" Haijafa, mdogo wangu. Betri ni ile ile. Kilichobadilika ni matumizi, na sehemu kubwa ya matumizi hayo iko mikononi mwako.

Mimi nahudumia wazee majumbani. Kwa siku naingia nyumba tano au sita, kila moja nakaa dakika arobaini hadi saa nzima, na gari linanisubiri nje kwenye theluji. Huu ni msimu wangu wa nne wa baridi nikiwa na gari la umeme. Usiku wa kawaida wa Januari hapa Minneapolis huwa kama nyuzi 13 za Celsius chini ya sifuri, na tarehe 30 Januari 2019 ilishuka hadi nyuzi -33. Ninawaandikia Waswahili wenzangu wa hapa, wa Toronto, wa Oslo, na yeyote aliyekulia kwenye joto akaja kununua gari la umeme penye barafu.

Nini hasa kinakula chaji

Mwaka 2019 AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, walipima magari matano ya umeme kwenye nyuzi -7. Hita ikiwa imezimwa, masafa, yaani umbali unaokwenda kwa chaji moja, yalipungua kwa wastani wa asilimia 12. Hita ilipowashwa, yalipungua kwa asilimia 41. Zisome tena namba hizo mbili. Baridi yenyewe ilichukua 12 tu. Karibu 30 zilizobaki zilikwenda kumpasha moto aliyekaa ndani.

Kwenye gari la petroli hukuwahi kuliona jambo hili, kwa sababu injini ya petroli hupoteza karibu theluthi mbili za nguvu ya mafuta kama joto. Hita yake inachota tu joto ambalo lingetupwa nje. Mota ya umeme haina upotevu wa kiasi hicho. Ni sifa njema, lakini maana yake ni kwamba joto la kukupasha wewe lazima litoke kwenye betri, uniti kwa uniti, kama zile unazonunua kwa LUKU au tokeni nyumbani.

Betri nayo ina shida zake. Ndani mna kimiminika ambamo chembe za lithiamu husafiri kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kikipoa huwa kizito, kama uji uliosahauliwa mezani, na chembe zinapita kwa taabu. Sehemu ya chaji inafungiwa kwa muda (ikipata joto inafunguka, haijaibiwa). Ubaya zaidi ni wakati wa kuchaji: ukiilazimisha betri iliyo chini ya sifuri kupokea umeme mwingi, lithiamu inajipaka juu ya upande hasi kama utando wa chuma badala ya kuingia ndani, na sehemu kubwa ya madhara hayo hairudi nyuma. Ndiyo maana kompyuta ya gari inaibania chaji. Haijaharibika, inailinda betri yako.

Kwa sababu hiyo hiyo, ukiachia pedali asubuhi ya baridi gari halipunguzi mwendo kama ulivyozoea. Siku za joto mota hugeuka dainamo na kurudisha umeme kwenye betri. Betri baridi inaukataa umeme huo, kwa hiyo gari linaserereka mbele. Kwenye barabara yenye barafu, lijue hilo kabla hujafika taa za kwanza. Magari mengi sasa yana mpangilio unaoingiza breki za kawaida zenyewe ili pedali ibaki na tabia moja, uwashe.

Piga hesabu kabla ya yote

Hatua hii watu wengi wanairuka, nami naiona ndiyo msingi. Chukua gari lenye betri ya uniti 60 (uniti moja ni kilowati moja ikitumika kwa saa moja) linalokula uniti 16 kwa kilomita 100 wakati wa kiangazi. Masafa yake ni kama kilomita 375. Sasa tuseme hita inavuta kilowati 3 kwa wastani. Kwenye barabara kuu, kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, hizo ni uniti 3 kwa kila kilomita 100. Unaumia kidogo. Lakini mjini, kwenye foleni na theluji, wastani wako ni kilomita 40 kwa saa. Kilomita 100 zile zile zinachukua saa mbili na nusu, na hita inakula uniti 7 na nusu.

Umeona? Hita inalipwa kwa saa. Haijali umekwenda wapi. Ndiyo sababu dereva wa safari ndefu na mhudumu wa majumbani kama mimi, wenye gari la aina moja, wanaona hasara tofauti kabisa.

Kwa kupanga safari, mimi natumia kipimo hiki: nyuzi -5, hesabu robo tatu ya masafa ya kiangazi. Nyuzi -15, hesabu asilimia 60. Ikizidi -25, nusu. Magari yanatofautiana, na magari mapya yanajitahidi. Huko Norway, ambako karibu magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyouzwa mwaka 2024 yalikuwa ya umeme, chama cha waendesha magari NAF hupima magari kila msimu wa baridi kwa kuyaendesha mpaka yazimike. Mwanzoni mwa mwaka huo huo Tesla Model 3 iliyotangazwa kwenda kilomita 629 ilikwenda 441. Hiyo ni hasara ya asilimia 30 kwa gari ambalo ni zuri.

Hatua ya kwanza: joto litoke ukutani

Ukifanya hili moja tu, utakuwa umeanza kuokoa. Pasha gari moto wakati bado limechomekwa kwenye umeme. Ingia kwenye programu ya simu ya gari lako, weka saa ya kuondoka, tuseme saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Gari litaanza lenyewe mapema, lipashe betri, lipashe chumba, liyeyushe barafu kwenye vioo, na umeme wote huo utatoka ukutani. Unaingia kwenye gari la moto lenye chaji kamili. Kazi iliyobaki kwa hita ni kulilinda joto hilo, nayo ni ndogo. Ni kama sufuria ya maji: kuyachemsha kunakula mkaa, kuyaweka yasipoe ni makaa machache tu.

Saa ya kuondoka iwe ya kweli. Ukiweka saa kumi na mbili ukatoka saa moja na nusu, joto limeshakwenda. Na usiwashe hita kwa simu gari likiwa halijachomekwa ukidhani unaokoa. Hapo unachota kwenye betri ile ile, ingawa vioo vitakuwa safi, na kwa usalama wakati mwingine inafaa.

Panga pia chaji ya usiku imalizike karibu na saa ya kutoka. Kuchaji kunapasha betri, kwa hiyo betri iliyomaliza saa kumi na mbili ina joto kuliko iliyomaliza saa sita za usiku ikalala kwenye baridi.

Wanaotumia soketi ya kawaida ya hapa Amerika, ya volti 120, wawe na subira. Inatoa kama kilowati 1.4. Usiku wa nyuzi -20 gari linaweza kutumia sehemu kubwa ya hiyo kuipasha betri tu, ukaamka asilimia imesogea kidogo sana. Bado iache imechomekwa. Ikiwezekana, fungiwa soketi ya volti 240 na fundi umeme mwenye leseni; ni gharama ya mara moja. Majirani zangu wazee hawashangai kuona gari lina waya usiku. Wao wamekuwa wakichomeka magari yao ya petroli kila msimu wa baridi miaka yote, ili kupasha injini iwake asubuhi.

Na wanaokaa kwenye apatimenti zisizo na soketi, ambao ndio wengi wetu? Kwenu nasema kinyume kidogo: chajini jioni mnapotoka kazini, gari likiwa limetembea na betri ina joto. Ukingoja asubuhi, utakaa kwenye kituo nusu saa ya kwanza ukiipasha betri kwa pesa yako. Na kama jengo lina maegesho ya chini ya ardhi, hata ya kulipia, piga hesabu upya. Kati ya gari lililolala kwenye nyuzi 5 na lililolala kwenye -20, tofauti utaiona asubuhi bila kuambiwa.

Hatua ya pili: pasha mwili, usipashe hewa

Kiti kinachopashwa moto kinavuta wati 50 hadi 100. Usukani hata chini ya hapo. Hita ya hewa yenye waya wa joto, ikifunguliwa yote, inavuta kilowati 5 au zaidi. Washa kiti na usukani kwanza, kisha teremsha hewa hadi nyuzi 18 au 19. Mgongo na viganja vikiwa na joto, hutahisi kama umepunguza kitu.

Kanga ya magotini pia ninayo, sioni haya kusema. Ila sikiliza hili kwa makini. Msimu wangu wa kwanza nilikosea hesabu nikirudi kutoka St. Cloud usiku, nikaona asilimia zinashuka, nikazima hita kabisa. Baada ya dakika kumi kioo cha mbele kikajaa ukungu kwa ndani, ukaanza kuganda. Nilikuwa naendesha nikifuta kwa mkono, malori yakinipita. Niliegesha nikitetemeka, na si kwa baridi. Usizime hita kabisa. Punguza mwendo kwanza, maana mwendo unaokoa zaidi, na kioo kibaki kinaonyesha. Kupuliza hewa kavu kwenye kioo ni usalama, hakumo kwenye mambo ya kubana.

Hapa ndipo unapofaa kujua gari lako lina hita ya aina gani. Iliyo rahisi ni ya waya: uniti moja ya umeme inakupa uniti moja ya joto. Nyingine ni pampu ya joto, ambayo ni kama friji iliyogeuzwa: inachota joto la nje, hata nje kukiwa na baridi, na kulisukuma ndani. Kwenye baridi ya wastani inatoa uniti 2 hadi 3 za joto kwa uniti moja ya umeme. Kadiri nyuzi zinavyoshuka faida inapungua, na kwenye -20 hivi inakaribia ile ya waya. Tesla Model Y inayo tangu ilipotoka mwaka 2020, Model 3 za Marekani tangu zile za mwaka 2021. Chevrolet Bolt za miaka ya 2017 hadi 2023 hazina kabisa. Nissan Leaf zilianza kuwekewa mwaka 2013, lakini si zote, inategemea toleo. Kama unanunua gari lililotumika na utaishi penye baridi, swali hili liulize kabla ya rangi na kabla ya kilomita.

Hatua ya tatu: safari fupi fupi

Huu ndio mzigo wangu, na nimeusumbukia sana. Kila nikitoka nyumba ya mgonjwa gari limepoa, na kulirudisha kwenye joto kunakula kama uniti 2 zikijumlishwa chumba na betri. Nyumba sita, uniti 12. Kwa gari la hesabu yetu ya juu hizo ni kilomita 75 ambazo hazikunipeleka popote.

Nilichofanya ni kubadili ratiba. Niliomba wagonjwa wangu wapangwe kwa ujirani, wa Brooklyn Park wote asubuhi, wa upande wa St. Paul wote mchana, ili gari lisipoe kati yao. Nikiegesha, natafuta upande wenye jua na usio na upepo, na kama mwenyeji ana gereji iliyo wazi naomba kwa adabu. Mama mmoja ninayemhudumia alinipa mwenyewe soketi ya nje ya ukuta wake. Nami namlipia umeme, ingawa anagoma. Kwa vipande vya dakika tano sipashi hewa kabisa: kiti tu na koti.

Ukiegesha, zima pia kamera za ulinzi zinazokesha. Zinalizuia gari lisilale na zinakula kidogo kidogo siku nzima.

Tairi, theluji na uzito

Upepo wa tairi unashuka kama paundi 1 kwa kila nyuzi 5 na nusu za Celsius. Tairi uliyoijaza Septemba kwenye nyuzi 20, ikifika -15 imepungukiwa paundi 6. Tairi laini inaburuta. Pima asubuhi kabla ya kutembea, na ujaze hadi namba iliyo kwenye kibandiko cha mlangoni kwa dereva, si ile iliyochongwa ubavuni mwa tairi, hiyo ni kikomo.

Tairi za theluji zinapunguza masafa kidogo. Zifunge hata hivyo. Gari la umeme ni zito, na uzito kwenye barafu hausimami kwa sababu umeomba.

Fagia theluji yote, ya juu ya paa pia, na ile iliyoganda nyuma ya magurudumu. Rafu za paani ulizobebea mizigo ya kiangazi zishushe.

Mwendo na upepo

Hewa ya nyuzi -10 ni nzito kuliko ya nyuzi 20 kwa asilimia 11, na gari linaipasua njia nzima. Ukinzani huo unakua kwa mraba wa mwendo. Ukishuka kutoka maili 70 kwa saa hadi 60, yaani kutoka kilomita 113 hadi 97, ukinzani wa hewa unapungua kwa robo. Hakuna kitufe kitakachokupa kiasi hicho.

Tazama na mwelekeo wa upepo, jambo ambalo wanaotoka kwetu hatukuzoea kuliwaza tukiwa ndani ya gari. Kutoka Minneapolis kwenda Fargo, kwa barabara ya 94, unaelekea kaskazini magharibi, na upepo mkali wa majira ya baridi mara nyingi unatoka huko huko. Upepo wa kilomita 30 kwa saa usoni, wewe ukiwa kwenye 100, ni sawa na kupasua hewa kwa 130: ukinzani unaongezeka kwa karibu asilimia 70. Safari ya kwenda na ya kurudi haziwi sawa hata kidogo. Siku ya upepo wa mbele nachaji kituo kimoja kabla ya kile nilichozoea.

Kuchaji njiani

Januari 2024 baridi kali iliishukia Chicago, na picha za foleni za magari ya umeme kwenye vituo vya chaji zikazunguka dunia. Wengi walifika betri ikiwa na chaji kidogo na ikiwa imepoa, kisha wakangoja kwenye foleni ikapoa zaidi, na walipochomeka umeme ukaingia kwa matone. Nyuma yao foleni ikarefuka.

Usifike hivyo. Kwenye magari mengi mapya, ukiandika kituo cha chaji ya haraka kwenye ramani ya gari lenyewe, gari linaanza kuipasha betri njiani. Tesla zinafanya hivyo, na Hyundai na Kia nyingi za umeme pia. Ramani ya simu hailiambii gari kitu, kwa hiyo hata kama njia unaijua kwa moyo, andika kituo kwenye skrini ya gari angalau nusu saa kabla. Baadhi ya magari yana kitufe cha kupasha betri kwa mkono. Leaf za vizazi viwili vya kwanza hazina mfumo wa maji wa kurekebisha joto la betri, hivyo mwenye nayo apange vituo mara tu baada ya kipande kirefu cha barabara kuu, betri ikiwa imejipasha kwa kazi.

Simama ukiwa na asilimia 20 au zaidi, maana baridi inaweza kukuongezea safari ya kutafuta kituo kingine. Vituo viwili, si kimoja, viwe akilini. Na ukifika ukakuta foleni, acha gari likiwa limewashwa na ramani ikiendelea kuelekeza kituoni, ili betri isipoe.

Wenye betri za LFP, zile za chuma na fosfeti zilizomo kwenye magari mengi ya bei nafuu, wana jambo la ziada: zinachukia kuchajiwa kwenye baridi kuliko nyingine, na asilimia unayoiona inaweza kudanganya. Tesla, kwa mfano, inawashauri wenye betri hizo kujaza hadi 100 angalau mara moja kwa wiki ili kipimo kijisahihishe. Kwa betri nyingine, 80 kwa siku za kawaida inatosha, na 100 usiku wa kuamkia safari ndefu.

Kifuniko cha tundu la chaji kikiganda, usikibandue kwa bisibisi. Gonga taratibu kwa kiganja kuzunguka barafu, na pasha chumba kwa dakika chache. Kwenye baadhi ya magari tundu nalo linapashwa.

Ukikwama kwenye theluji

Watu wanaliogopa hili kuliko yote, na hapa gari la umeme lina heri. Betri ya uniti 60 ikiwa nusu ina uniti 30. Ukiwa umesimama, kulifanya gari likae na joto la kustahimilika kunavuta kama kilowati 2. Hizo ni saa 15. Na halina bomba la moshi, kwa hiyo hakuna hewa ya sumu itakayorudi ndani theluji ikilifunika, jambo ambalo limeua watu waliokaa kwenye magari ya petroli yenye injini iliyowaka. Kaa ndani, kiti kwenye joto, hewa nyuzi 16, taa kubwa zima. Kwenye buti weka blanketi, koleo dogo, glavu za ziada, maji na kitu cha kula.

Mwezi wa nne

Ukitaka kujua kama betri imechoka kweli, usipime Januari. Subiri siku ya nyuzi 20, jaza chaji, endesha njia unayoifahamu, kisha linganisha na ulichopata siku kama hiyo mwaka uliopita. Tofauti ya asilimia moja au mbili kwa mwaka ni umri wa kawaida. Ikiwa masafa hayajarudi hata kwenye joto, hapo peleka gari likapimwe, na ubebe karatasi ya dhamana. Kwa magari mengi yanayouzwa Marekani, dhamana ya betri ni miaka 8 au maili 100,000. Siku hiyo hiyo pima tena tairi, maana ule upepo ulioongeza wakati wa baridi sasa umezidi, na inabidi uutoe.